Jozi

Saa moja kasoro robo, Racine, mwezi wa kumi.
Foleni imeshapita sanduku la barua la jirani.
Mimi ni namba kumi na nne, imeandikwa kwa wino mzito
juu ya kipande cha kadi. Nyuma yangu kijana wa Chicago
anapuliza kahawa yake, ananiuliza natafuta nini.
Meza ya kando, namwambia. Moja.
"Watu hununua mbili," anasema.
Najua watu hununua nini.

Mlango unafunguliwa. Nyumba ya marehemu Bi Halvorsen
imebandikwa bei mpaka kwenye vijiko:
bei kwenye taa, bei kwenye mizani ya bafuni,
bei kwenye Biblia ya Kinorwei, dola mbili.
Mjukuu wake amekaa jikoni na kopo la chenji,
anajitahidi asitazame kinachotoka.

Wengine huanza na vyombo vya kioo. Mimi hupiga magoti.
Nyumba njema si mlango, na meza si uso;
uso hupigwa msasa, hupakwa vanishi,
hudanganya kama picha ya harusi.
Napitisha mkono chini.
Natafuta penseli.

Mwaka wa sitini na moja baba alizileta mbili juu ya paa la gari,
zimeviringishwa blanketi kama pacha watokao hospitali.
Mbao za jozi. Miguu imechongoka, imetanuka kidogo,
ndama anayejifunza kusimama,
na kila mguu una kikofia cha shaba.
Mama alisema ni nyembamba mno, zitavunjika.
Meza hazikuvunjika.

Mimi na kaka yangu Verlyn tulilala mvunguni mwake
tukaandika majina, kila mtu na yake.
Siku ya kugawana vitu hakuna aliyeinama kutazama.
Mama akabaki na mimi na jina la Verlyn.
Baba akaondoka na Verlyn na jina langu,
Duluth, halafu Fargo,
halafu kadi za Krismasi zikaanza kurudi.

Miaka thelathini na mmoja nageuza meza za watu.
Nimekuta bazoka zilizokuwa mawe, mihuri ya viwanda,
risiti, na mara moja ufunguo umebandikwa kwa utepe
ambao sikuuliza ni wa nini.
Nyumbani ninayo ile moja, ya jozi, bila jozi yake,
naweka juu yake redio na vidonge vya presha.

Chumba cha nyuma, kando ya mashine ya kushonea: hiyo hapo.
Vikofia vya shaba. Alama ya duara ya glasi ya mtu.
Kijana wa Chicago ameshafika, anaigonga kwa kifundo cha kidole
kama daktari agongavyo kifua.
"Ingekuwa na mwenzake," anasema, "ningelipa mara tatu."
Namwomba anisaidie kuigeuza.

Kuna penseli.

Moyo wangu wa miaka sitini na tisa ulifanya upuuzi wake.
Herufi kubwa, S imegeuzwa kinyume:
SOLVEIG. MIAKA SITA.

Nikaita jikoni, sijui kwa nini niliita.
Mjukuu akaja na kopo la chenji mkononi,
akachuchumaa, akasoma, akakaa kabisa kwenye zulia.
"Mama yangu," alisema. Kisha: "Hakuwahi kuniambia."
Akabandua bei kwa ukucha, taratibu,
akaikunja mara nne ikawa kitu kidogo kama punje.
Kijana akatazama dari. Alikuwa na adabu kuliko nilivyodhani.

"Na wewe," akaniuliza bado ameketi,
"unatafuta jina la nani?"

Langu, nikasema.

Nilinunua ile Biblia, kwa kuwa sipendi kutoka mikono mitupu.
Sijui hata neno moja la Kinorwei.
Ndani ya gari niliifungua kwanza nyuma,
kwenye kurasa zile nyeupe,
mahali ambapo watu huandika.